Kanda za mahindi na soya: faida inatoka ukingoni, na soya ndiyo inayoilipia

Ukiuliza Bungoma, Siaya au Njoro kwa nini mtu aweke soya na mahindi katika shamba moja, sababu tatu hutajwa kwa pumzi moja: soya hurutubisha mahindi, soya huua kayongo (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, au striga), na ekari moja hutoa mavuno mawili. Zote tatu zina ukweli. Shida ni kwamba kila moja ina wakati wake na masharti yake, na mkulima anayezichanganya huishia kupima upana usiofaa, kupunguza mbolea mapema, kisha kulaumu mbegu.

Hapa tunazungumzia namna moja tu ya kuyaweka mazao haya pamoja: kanda nyembamba zinazopishana, mahindi mistari minne, soya mistari sita, mahindi tena, hivyo hivyo hadi mwisho wa shamba. Faida ya mpangilio huu katika msimu wa kwanza hutoka kwenye mwanga unaoingia ubavuni mwa mahindi, na sehemu ya mwanga huo soya imenyang'anywa. Nitrojeni, yaani ile rutuba inayosemwa kutoka kwa soya, na kayongo ni hesabu za misimu inayofuata.

Mipangilio mitatu isiyofanana

Upo mtindo wa kupanda soya katikati ya kila nafasi ya mahindi. Mistari ya mahindi huachana sentimita 75, na soya hupita katikati. Maharagwe ya kawaida huvumilia mpango huu kwa sababu hukomaa upesi. Mahindi yanapofunga majani juu, maharagwe tayari yanajaza maganda. Soya hukaa shambani miezi mitatu na nusu hadi minne, kwa hiyo giza huikuta ikitoa maua. Hurefuka, huwa nyembamba, hulala, na mavuno yake huwa ya kusikitisha.

Upo pia mtindo wa MBILI, uliojaribiwa mashambani magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuenezwa kutoka Bungoma. Mistari miwili ya mahindi husogezwa hadi sentimita 50, kisha huachwa nafasi ya mita moja, na ndani ya nafasi hiyo hupita mistari miwili ya kunde, soya au njugu karanga, ikiachana sentimita 33. Ukipiga hesabu, wastani kati ya mistari ya mahindi bado ni sentimita 75, yaani idadi ya mahindi haipungui hata mmea mmoja. Soya inakuwa nyongeza.

Kanda ni jambo jingine. Hapa mahindi huachia soya nusu ya shamba, na kila zao huwa na eneo lake la kutosha kupandwa, kupaliliwa na kuvunwa peke yake. Ndiyo maana mtindo huu unapendwa sana na wenye trekta au maksai: upana wa ukanda hufuata upana wa mashine. Kwa mwenye robo ekari Vihiga anayelima kwa jembe, MBILI humpa zaidi, kwani mahindi yake hayapungui na mikono yake inaweza kufika popote. Kwa mwenye ekari tano Rongai au Njoro anayekodi trekta, MBILI ni mateso, kwa sababu hakuna mashine itakayopita pale katikati bila kukanyaga kitu. Huyo ndiye mtu wa kanda.

Ukingo ndio unaofanya kazi

Chukua ukanda wa mistari minne ya mahindi. Mistari miwili ya nje inatazama soya upande mmoja, na soya ni fupi, kwa hiyo majani ya chini ya mahindi hayo hupata jua ambalo katika shamba la mahindi matupu yasingelipata. Gunzi hujaa hadi nchani, na mimea mingine huzaa magunzi mawili. Mistari miwili ya ndani haipati chochote cha maana. Hiyo ni kama ya shamba la kawaida.

Basi hesabu ya upana ni rahisi. Ukanda wa mistari minne una nusu ya mahindi yake ukingoni. Wa mistari sita una theluthi. Wa minane, robo. Ukifika mistari kumi na miwili umelima mashamba mawili yaliyopakana tu, na sita tu kati ya kila mimea thelathini na sita inajua kuwa kuna soya jirani.

Kwa nini basi tusipande ukanda wa mistari miwili, ili mahindi yote yawe ukingoni? Kwa sababu soya nayo ina ukingo, na wake ni wa hasara. Mstari wa soya uliopakana na mahindi hutoa maganda machache, na mizizi ya mahindi huchota maji na nitrojeni chini yake. Soya ikiwa mistari mitatu, miwili imeumia na mmoja tu umesalimika. Ikiwa sita, minne ya katikati iko salama kiasi. Mistari minne kwa sita ni mapatano mazuri kwa kazi ya mkono na maksai. Kwa trekta, fuata mashine iliyopo: mashine ya kupanda mistari minne inakupa ukanda wa minne, ya sita inakupa wa sita, na kubishana nayo ni kupoteza mafuta.

Jua la Ikweta

Maelezo mengi ya kanda yametoka majimbo ya kati ya Marekani, ambako jua huwa kusini mwaka mzima na wakulima hushauriwa kupanga mistari kaskazini hadi kusini. Kuyachukua kama yalivyo si busara. Ikweta inapita Maseno, hapo karibu na Kisumu, na jua letu huvuka utosi mara mbili kwa mwaka.

Tuseme mahindi yana urefu wa mita 2.4. Ukipanga mistari kaskazini hadi kusini, mnamo saa tatu na dakika arobaini asubuhi kivuli chake kinaanguka upande wa magharibi umbali wa mita 2.4 hivi. Katika ukanda wa soya wa mita tatu, mistari minne kati ya sita iko gizani. Saa sita na nusu mchana kivuli kimekwisha, na alasiri kinaingia kutoka upande wa pili. Soya yote inapata jua kamili kwa saa chache tu za katikati ya siku, lakini kila upande unaumia sawa.

Ukipanga mashariki hadi magharibi, jua linatembea sambamba na mistari. Mwezi Machi na Septemba soya karibu haioni kivuli kabisa. Mwishoni mwa Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini, kivuli cha adhuhuri huanguka kusini kiasi cha mita moja: mstari wa kwanza wa soya kusini mwa mahindi uko ndani, wa pili umeponea chupuchupu. Asubuhi na jioni mstari wa pili nao huingia. Soya iliyo upande wa kaskazini mwa mahindi haiguswi. Msimu wa vuli mambo hugeuka, kivuli huangukia kaskazini.

Kwa hiyo kwetu huku mashariki hadi magharibi huihurumia soya zaidi. Lakini jua ni la pili. La kwanza ni mteremko. Shamba likiwa kwenye mteremko wa Maragoli au Subukia, kanda zifuate kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa kimo kile kile, hata kama kontua inaelekea upande usioutaka, maana mstari unaoshuka na mlima huwa mfereji wa kwanza mvua ya Aprili inapopiga, na udongo ukienda hakuna hesabu ya kivuli itakayourudisha.

Kupima ekari moja

Chukua shamba la upana wa mita 60 na urefu wa mita 67, ambalo ni ekari moja pungufu kidogo. Linatoa kanda ishirini za mita tatu: kumi za mahindi, kumi za soya. Piga vigingi kila mita tatu kwenye ncha zote mbili na ufunge kamba. Mipaka hii ndiyo mali; mistari ya ndani hupimwa kutoka kwayo.

Mstari wa kwanza wa mahindi uko sentimita 37.5 ndani ya mpaka, kisha sentimita 75 kila mmoja, na wa nne utabaki sentimita 37.5 kutoka mpaka wa pili. Soya huanza sentimita 25 ndani, kisha kila sentimita 50. Kati ya mahindi ya mwisho na soya ya kwanza panabaki sentimita 62.5, na hiyo ndiyo njia yako ya kupita unapokagua viwavi au kuweka mbolea. Watu wengi huona nafasi hiyo ni kubwa wakaongeza mstari mmoja wa soya hapo. Mstari huo hautalipa hata mbegu yake.

Mahindi yatakuwa na jumla ya mita 2,680 za mistari. Kwa nafasi ya sentimita 25 na mbegu moja kwa shimo, ni mashimo 10,720, yaani kama kilo tano za mbegu. Mwenye udongo mzuri na mbolea ya kutosha anaweza kuibana mistari ya nje hadi sentimita 20, kwa sababu ndiyo yenye mwanga wa ziada wa kuilisha mimea zaidi. Kwenye udongo uliochoka usifanye hivyo. Mwanga bila chakula huzaa mabua.

Mbolea ya kupandia ni kilo 25 za DAP au NPK kwa hiyo nusu ekari ya mahindi, kama gramu tisa kwa kila mita ya mstari. Wanaotumia kifuniko cha soda waweke nusu kifuniko kwa shimo, wafunike kwa udongo kidogo, kisha mbegu juu. Mahindi yakifika magotini, weka mbolea ya kukuzia ya CAN, yenye nitrojeni, kilo 25 kwa nusu ekari hiyo hiyo. Usiiweke kwenye soya, na usiirushe kwa mkono ikaangukia huko. Soya ikipata nitrojeni ya bure huacha kutengeneza yake.

Soya ina mita 4,020 za mistari. Mbegu ishirini kwa mita, kila sentimita tano, ni mbegu zipatazo 80,000, kilo 10 hadi 12 kutegemea ukubwa wake. Chora mfereji wa kina cha sentimita tatu. Ukizidisha tano, hasa kwenye udongo unaoganda juu baada ya mvua, soya huvunjika shingo ikijaribu kutoka: utafukua ukute kishina kimejikunja, kichwa kimebaki chini. Mbolea yake ni ya fosforasi, mfano TSP kilo 25 kwa nusu ekari, kama gramu sita kwa mita, itengane na mbegu kwa udongo kidogo.

Kabla ya yote, jaribu uotaji. Mbegu ya soya hufa haraka kuliko ya mahindi, na iliyokaa ghalani mwaka mzima inaweza kuonekana nzima huku imekufa nusu. Hesabu mia moja, zifunge kwenye gunia au kitambaa chenye unyevu, ngoja siku tano hadi saba. Chini ya themanini, ongeza mbegu. Chini ya sitini, rudisha ulikonunua.

Panda mazao yote mawili ndani ya wiki moja, mvua ikishatulia. Soya iliyochelewa wiki mbili inaota ikiwa tayari na paa juu yake. Na ikianza kutokeza, linda siku kumi za mwanzo: njiwa hula yale majani mawili manene ya kwanza, na sungura husafisha mstari mzima kwa usiku mmoja.

Bakteria wa kwenye pakiti

Soya haitengenezi nitrojeni yenyewe. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake ndio wanaoitoa hewani, na shamba ambalo halijawahi kupandwa soya mara nyingi halina bakteria wanaoifaa, au wapo wachache. Ndiyo maana kuna chanjo ya mbegu. Inayopatikana zaidi Kenya ni Biofix, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na inayotengenezwa na kampuni ya MEA ya Nakuru. Aina za soya kama SB19 hukubaliana na bakteria wengi wa udongo wa kwetu, lakini hata hizo kuzichanja ni gharama ndogo kuliko kubahatisha.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kabla ya mbegu kugusa udongo. Pakiti ina viumbe hai. Ikikaa dirishani kwenye agroveti, duka la pembejeo, ikipigwa na jua, umenunua vumbi jeusi. Angalia tarehe, uliza ilihifadhiwa wapi, na ukifika nyumbani iweke mahali pa baridi penye giza. Siku ya kupanda, mimina mbegu kwenye beseni kivulini, nyunyizia maji yenye gundi inayokuja na pakiti kwa kipimo kilichoandikwa, geuza taratibu hadi zote zing'ae, kisha mwaga unga na ugeuze tena mpaka kila mbegu ivae weusi. Gramu 100 hutosha kilo 10 hadi 15 za mbegu, kwa hiyo pakiti moja ya kiasi hicho inatosha ekari yetu ya kanda. Usisugue kwa nguvu. Ganda la soya likichubuka mbegu huoza.

Kisha panda siku hiyo hiyo, kwenye udongo wenye unyevu, na ufunike papo hapo. Mtu mmoja akidondosha mbegu mstari mzima na mwingine akija kufunika baada ya nusu saa ya jua kali, chanjo imekwisha. Mbegu iliyochanjwa isichanganywe na mbolea kwenye ndoo moja, wala isiwe imepakwa dawa ya kuua kuvu. Na anayepanda mahindi yaliyopakwa dawa dhidi ya kayongo, kama Ua Kayongo, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika soya. Dawa ile inaumiza mimea ya jamii ya kunde. Afadhali mtu mmoja ashike mahindi, mwingine soya.

Soya inapotoa maua, chimbua mimea mitano kutoka sehemu tofauti. Usiing'oe, maana vinundu hubaki ardhini. Ingiza jembe chini na uinue na udongo. Suuza, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, cha kijani au kijivu, hakifanyi. Ukikosa vinundu kabisa, sababu huwa tatu: chanjo ilikufa, udongo una asidi nyingi, au fosforasi imepungua. Udongo wa Kakamega, Busia na sehemu kubwa ya Siaya mara nyingi una asidi, na miaka ya DAP imeuongezea. Chokaa ndiyo dawa, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi ambacho kipimo cha udongo kitasema.

Nitrojeni huenda wapi

Sasa ile imani kubwa: kwamba soya inalisha mahindi yaliyo jirani. Katika msimu huo huo, kiasi kinachovuka kutoka mizizi ya soya hadi ya mahindi ni kidogo mno cha kukuruhusu upunguze hata kopo la CAN. Mistari ya ukingoni inastawi kwa mwanga, na mkulima akiiona ya kijani hudhani ni soya inayonong'oneza.

Tazama hesabu hii. Punje ya soya ina protini karibu asilimia 40, ambayo ni nitrojeni kama asilimia sita. Ukivuna kilo 250, umebeba kilo 15 za nitrojeni kwenda nazo nyumbani. Mfuko mzima wa kilo 50 wa CAN una kama 13 tu. Nitrojeni hiyo sehemu ilitoka hewani na sehemu ilitoka udongoni mwako. Sasa ongeza desturi ya kung'oa soya na mizizi, kuibeba hadi uwanjani, kuipiga, na kumpa ng'ombe makapi. Shamba linabaki maskini kuliko lilivyokuwa, na mwaka unaofuata mahindi yakigeuka manjano watu husema soya ni uongo.

Faida huja usipofanya hivyo. Soya hudondosha majani yake ikikomaa, na hayo yasiguswe. Kata shina juu ya ardhi kwa panga au mundu, mizizi ibaki. Makapi yarudi kwenye ukanda ule ule, na kama lazima ng'ombe ale, samadi irudi. Msimu unaofuata, ukanda huo ndio unaopandwa mahindi. Hata hapo usikate mbolea kwa imani. Weka kiasi cha kawaida kwenye kanda nyingi, punguza CAN kwenye ukanda mmoja, na uone tofauti wakati wa kuvuna.

Kayongo, viwavi na magonjwa

Kayongo hungoja udongoni kama mbegu ndogo kuliko vumbi, na inaweza kungoja zaidi ya miaka 10. Huamka ikihisi majimaji ya mizizi. Mizizi ya soya, kwa baadhi ya aina, huiamsha pia; ikishaota haiwezi kujishika kwenye soya, inakufa. Hivyo ukanda wa soya hupunguza mbegu za kayongo pale ulipo, na faida yake huonekana mahindi yanapohamia hapo. Hupunguza, haimalizi. Mmea mmoja ukiachwa ukatoa ua na kukauka, unarudisha mbegu maelfu kwa maelfu, kwa hiyo ung'oe kabla haujachanua. Shamba lililokwisha kabisa kwa kayongo linahitaji nguvu zaidi, kama desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mahindi na nyasi za kandokando, mtindo wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, cha Mbita.

Kwa ugonjwa wa mnyauko hatari wa mahindi, uliogunduliwa Bomet mwaka 2011, usijidanganye kwa kupishanisha kanda. Virusi vyake hubebwa na wadudu wanaoruka, na kwao mita tatu ni hatua moja. Kuhamisha mahindi kwenye ukanda wa pili si kulipumzisha shamba na mahindi. Dawa ya hapo ni msimu mzima bila mahindi. Vivyo hivyo viwavijeshi vamizi walioingia Kenya 2017: kanda hurahisisha kuwafikia, hazizuii. Kagua kwenye koo la mmea mara mbili kwa wiki tangu mahindi yana majani matano.

Kwenye soya, geuza majani ya chini. Vijidonge vya rangi ya kutu upande wa nyuma ni ugonjwa wa kutu ya soya, na unapenda unyevu wa msimu mrefu. Mstari uliopakana na mahindi hukauka umande mwisho, basi anza kuukagua huo.

Dawa za magugu ndizo mtego mbaya zaidi wa kanda. Atrazini inayopendwa kwenye mahindi huua soya, si ikipeperushwa tu. Inaweza kubaki udongoni hadi msimu unaofuata, ukanda ukiwa umegeuka wa soya. Mchanganyiko wowote wenye jina hilo kwenye kibandiko hauna nafasi hapa. 2,4-D nayo husafiri na upepo, na soya iliyoguswa hujikunja majani kama kikombe. Zipo dawa za kabla ya kuota, kama pendimethalini, zinazosajiliwa kwa mazao yote mawili, na palizi ya jembe bado ipo: ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, ya pili kabla soya haijatoa maua. Ikishachanua usiingie, maua hudondoka.

Mbegu zinazolingana

H614 ni mrefu, hukaa shambani miezi sita au saba, na ni mahindi ya nyanda za juu. Kando ya soya hutupa kivuli kirefu, ingawa soya hutoka mapema na kumwachia nafasi wazi miezi ya mwisho. Kwa kanda za Kakamega, Busia na Kisumu, mahindi ya wastani kama WH505 au DK8031 hukaa vizuri zaidi. Kwa soya, Nyala hukomaa mapema na SB19 huchelewa kidogo na kutoa majani mengi ya kubaki shambani. Mwenye msimu mfupi achague ya kwanza.

Je, inalipa?

Kuna kipimo kinachotumika: gawanya mahindi uliyopata kwenye kanda kwa mahindi ambayo ekari nzima ya mahindi matupu ingetoa, fanya hivyo kwa soya, kisha jumlisha. Zaidi ya moja, ardhi imefanya kazi ya ziada.

Tuchukue tarakimu za mfano. Ekari ya mahindi matupu magunia 18 ya kilo 90. Ya soya tupu kilo 600. Kanda zikatoa magunia 10.5 na kilo 250. Mahindi ni 0.583, soya 0.417. Jumla, moja kamili. Kwa kipimo cha ardhi, hujapata kitu.

Lakini angalia fedha. Ungegawa ekari katika vipande viwili vilivyotengana ungepata magunia tisa na kilo 300. Kanda zimekuongezea kilo 135 za mahindi na kukunyima kilo 50 za soya. Kilo 135 kwa 50 ni 2.7 kwa moja, yaani kanda zinakulipa mradi bei ya kilo ya soya isizidi mara 2.7 ya kilo ya mahindi. Soko likipanda juu ya hapo, tenganisha. Weka mavuno yako mwenyewe na bei za mnunuzi wako kwenye mizani hiyo, na kama anapima kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka, kwanza jua gorogoro yake inachukua kilo ngapi.

Mwaka wa ukame mizani huinama vibaya. Faida ya ukingo inahitaji maji, kwa sababu mmea wenye jua zaidi hunywa zaidi. Mvua ikikatika, mizizi ya mahindi huingia chini ya soya na mazao yote mawili yakaugua. Nyando na kandokando ya ziwa, ambako mvua husitasita, punguza matarajio.

Ili kupata tarakimu zako, vuna mistari ya nje ya mahindi kwenye magunia yake na ya ndani kwenye yake, hata kwa ukanda mmoja tu. Tofauti ikiwa ndogo, ukingo haukufanya kazi, na mara nyingi utakuta mbolea ndiyo iliyopungua.

Kuvuna na kubadilishana

Soya huvunwa maganda yakiwa karibu yote ya kahawia, asubuhi yakiwa na umande kidogo. Ukingoja hadi adhuhuri au wiki moja zaidi, maganda hupasuka na punje humwagika. Mistari ya kivulini huchelewa kukomaa siku kadhaa. Ivune mwisho, usiichanganye mbichi na kavu kwenye gunia. Kausha hadi punje ikiumwa ivunjike badala ya kubonyea.

Vigingi viache ardhini. Katika mashamba yenye misimu miwili, soya ikitoka Julai na mahindi ya wastani Agosti, kanda hubadilishana mara moja. Kwa maksai, lima ukanda wa soya kwanza maana ni laini, uupande mahindi, kisha mabua ya mahindi yalazwe kati ya mistari ya soya mpya badala ya kuchomwa. Ukivilegeza vigingi ukaanza kupima upya kila msimu, mwaka wa pili utakuwa umepanda mahindi juu ya mahindi kwenye nusu ya ukanda bila kujua.